Mgodi Umefungwa, Maji Hayajafungwa

Wasee, wiki iliyopita niliweka video fupi nikiwa pale Nyaru, ile kona unaona Kerio Valley yote imetandazwa chini kama mkeka. Upepo, mawingu, mbuzi wawili wakipita bila haraka. Watu wakapenda. Halafu mtu mmoja akaandika: "Si huko ndiko Fluorspar? Hiyo mambo iliisha kitambo, mgodi ulifungwa." Wengine wakampigia makofi.

Hiyo sentensi imenizunguka kichwani siku nne. Iliisha kitambo. Kwa nani?

Kwa wale hamjafika huku: Plateau ni kwetu, nje ya Eldoret upande wa Kaptagat. Steshini ya reli, hospitali ya misheni, mahindi, maziwa, baridi ya kukata masikio. Ukipanda kidogo unaingia msitu wa Kaptagat, huko Kipchoge na wenzake wanafanyia mazoezi. Ukizidi kwenda unafika Nyaru, na hapo dunia inakatika. Barabara inateremka ukuta wa bonde, masikio yanaziba, joto linapanda, na ukifika chini uko Kimwarer, kwenye mgodi. Watu wa huko wala hawasemi "mgodini". Wanasema Fluorspar, kama jina la kijiji.

Vijana wa rika langu wakisikia Kimwarer wanafikiria bwawa, lile la mabilioni ambalo serikali ililifuta 2019 kabla halijajengwa. Manze, inachekesha na inauma. Nchi nzima tulipiga kelele juu ya maji ambayo yangewekwa Kimwarer. Maji ambayo tayari yako Kimwarer, chini ya ardhi, hayakupata hata kichwa kimoja cha habari.

Tuanze na mgodi wenyewe. Fluorspar ni jiwe la kalsiamu na florini. Wenye viwanda wanalipenda: linatumika kuyeyusha chuma, kutengeneza alumini, na ndilo chanzo cha asidi inayozaa gesi za friji na vitu vingine vingi. Huko Kerio lilipatikana miaka ya 1960, na uchimbaji ukaanza miaka ya 1970. Familia zikahamishwa kwenye zaidi ya ekari 9,000. Fidia ambayo wenyeji wamekuwa wakiipigania hadi leo ilikuwa shilingi 450 kwa ekari. Ndiyo, mia nne hamsini, hujasoma vibaya. Mwaka 2018 mkataba wa kampuni ukaisha, ikaondoka. Tangu hapo kila msimu wa siasa tunaambiwa mgodi utafufuliwa, mwekezaji anakuja, tulieni.

Kampuni iliondoka. Shimo halikuondoka. Na lile tope la mgodi pia liko palepale. Wacha nieleze hilo tope, maana hapo ndipo kesi yote iko. Ukitoa jiwe mlimani, unalisaga hadi liwe unga, unalichanganya na maji na kemikali, madini yanaelea juu kama povu unayachukua. Yale mengine yote, unga wa mawe uliobaki na maji yake, unayamwaga kwenye bwawa la tope. Jiwe zima likinyeshewa, maji yanagusa ngozi yake tu. Likiwa unga, maji yanagusa kila chembe. Kile ambacho mlima ungekitoa kidogo kidogo kwa miaka mingi sana, sasa kinaweza kutoka haraka. Na bwawa la tope likikosa sakafu isiyopitisha maji, maji hayaendi kando tu kuelekea mto. Yanaenda chini.

Niko na senge, shangazi yangu upande wa baba, aliolewa huko chini. Msichana wake ni rika langu, na tangu tukiwa wadogo hacheki kwenye picha. Anafunga mdomo ama anaweka mkono. Meno yake yana madoa ya kahawia, yale watu wa Nairobi hukuuliza "wewe ni wa Nakuru?" halafu wanacheka. Ni mrembo, ni mcheshi kunishinda, na angekuwa na video bora kuliko zangu. Hataki kamera.

Madoa hayo yanatokana na floridi nyingi kwenye maji uliyokunywa ukiwa mtoto, wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi. Yakishamea yakiwa hivyo, basi. Hakuna dawa ya meno itakayoyarudisha. Shirika la Afya Duniani linasema floridi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno. Ikizidi sana kwa miaka mingi, inaingia mifupani, viungo vinakauka, mgongo unapinda. Na kabla hujaniambia "si wachemshe maji": ukichemsha, maji yanapungua na floridi inabaki. Unaifanya kali zaidi. Mama anayechoma kuni jioni nzima akidhani anawalinda watoto wake anaweza kuwa anawaongezea, na sijawahi kuona bango lolote la afya huko linalomwambia hivyo.

Sasa najua mtakachosema, kwa sababu hata mjomba wangu aliniambia: floridi ya Bonde la Ufa ni ya asili. Ilikuwepo kabla ya mgodi. Kweli kabisa! Hilo sipingi, na yeyote anayewaambia kila jino la kahawia Kerio lililetwa na kampuni anawadanganya. Mawe ya volkano ya huku yana floridi, na maji yakipita ndani yake miaka mingi yanatoka na sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ndiyo ingeishika floridi na kuifanya igande. Ikikosekana, floridi inaogelea tu. Ndiyo maana Nakuru, Elmenteita, Naivasha, watu wamekuwa na shida hii bila mgodi wowote. Ndiyo maana Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imekuwa ikitengeneza chujio za mkaa wa mifupa kwa miaka mingi.

Lakini fikiria hiyo hoja inafanya nini ikiwa mdomoni mwa mtu anayetaka kuchimba. Inageuka kuwa blanketi. Kitu chochote kikipatikana kwenye kisima, "ni cha asili". Mtu akiwa tayari amebeba kilo hamsini mgongoni, huwezi kumwongezea kumi halafu useme mzigo ulikuwepo. Kama asili imeshatujaza hadi karibu na mdomo wa kikombe, huko ndiko mahali pa mwisho kabisa pa kuongeza tone bila kupima. Na njia ya kutenganisha ya mlima na ya mgodi ni moja: upime visima kabla ya kuchimba, uendelee kupima wakati wa kuchimba, upime baada ya kufunga, na karatasi ziwe wazi kwa kila mtu. Tangu miaka ya 1990 wanajiolojia wamekuwa wakichapisha vipimo vya maji ya eneo la mgodi, na floridi ni kati ya mambo waliyoyaandika. Sawa, heko kwao. Lakini makala ya jarida la sayansi haimfikii senge. Kwenye kisima anachochotea hakuna kibao kinachosema namba. Amezaa watoto wanne akitumia hicho kisima na hakuna aliyewahi kumwonyesha karatasi moja.

Na hapa ndipo ninapokasirika na sisi wenyewe, sisi watu wa "okoa mazingira". Tunapenda mto. Mto unapiga picha vizuri. Mto ukigeuka rangi unarekodi, unaweka muziki wa huzuni, unaita NEMA, kesho yake mheshimiwa amefika na gambuti. Mwaka 2009 maji ya mgodi wa North Mara, Tanzania, yalipoingia mto Tigithe, habari zilivuka dunia, na ilikuwa haki zivuke. Lakini ni nani atakayerekodi maji yaliyo mita sitini chini ya shamba la mtu? Hayana sauti, hayana rangi, hayana povu. Ukiyavuta kwenye glasi ni meupe safi. Floridi haina ladha ya kukuonya.

Na kuna tofauti ya mwendo. Mto ukichafuka leo, mvua ya miezi michache inaweza kuusukuma uchafu hadi Turkana (huko ndiko Kerio inamwaga, kwa hivyo "kusukuma" si kusafisha, ni kumpa jirani). Maji ya chini hayaendi hivyo. Chukua debe, lijaze kokoto, mwagia maji juu: yanapita kwenye vijinafasi, polepole. Sasa debe hilo lifanye liwe mlima. Hapa kwetu Plateau tumekaa juu ya mawe ya lava, tabaka juu ya tabaka, na maji yamejificha kwenye nyufa na kwenye udongo wa kale uliofunikwa kati ya lava moja na nyingine. Yako huko kwa miaka, mengine kwa miongo. Uchafu ukifika pale hauna mlango wa kutokea. Anayekunywa atakuwa mjukuu wa aliyesaini mkataba, na aliyesaini atakuwa na barabara yenye jina lake.

Mnataka mfano wa "iliisha kitambo"? Nendeni Kilembe, Uganda, chini ya Rwenzori. Shaba ilichimbwa huko kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazazi wetu walikuwa watoto mgodi ukinyamaza. Lakini kulibaki milima ya mabaki yenye pairiti, lile jiwe linalong'aa kama dhahabu bandia. Pairiti ikikutana na hewa na maji inazaa asidi ya salfa, ile ya betri ya gari. Asidi ikipita kwenye mawe inayeyusha metali na kutembea nazo. Kutoka Kasese kuna mstari wa ardhi tupu, isiyoota hata nyasi, ulioteremka hadi ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Mto Nyamwamba ulipofurika 2013, na tena 2020, ulikula mabaki ya mgodi na kwenda nayo. Na watafiti walipopima maji ambayo watu wanatumia nyumbani karibu na hapo, walikuta baadhi ya metali zimepita kiwango. Mgodi uliofungwa miaka arobaini! Kerio si Kilembe, jiwe ni tofauti na kemia ni tofauti. Lakini hiyo sentensi ya kwenye video yangu, hata Kasese wangeipenda kuisema kama ingekuwa kweli.

Nikafika mahali ambapo nilijua nitapoteza nusu yenu, lakini kaeni. Huko chini kuna walio hai.

Sitanii. Mimi pia nilidhani maji ya kisima ni maji tu, kama ya tangi. Halafu nikakutana na samaki wa Somalia. Anaitwa Phreatichthys andruzzii, sayansi ilimpa jina 1924, na anaishi kwenye maji ya chini ya ardhi katikati ya Somalia, chini ya jangwa. Rangi yake ni ya waridi hafifu, hana magamba, hana macho. Akiwa kiinitete macho yanaanza kuota, halafu mwili unaamua "za nini?" na yanapotea. Mababu zake waliingia gizani zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Mwaka 2011 watafiti walichapisha kwamba saa ya mwili wake haisikii tena mwanga. Ukimpa chakula kwa ratiba bado ana mdundo, lakini mdundo wake wa ndani ni wa saa kama 47. Yaani siku yake ni karibu siku zetu mbili. Mimi nikikosa usingizi usiku mmoja nalalamika mtandaoni wiki nzima.

Huyo ni jirani yetu. Anatuzidi kwa umri wa kukaa Afrika Mashariki. Kongo wako na wao: samaki kipofu wa mapango ya Mbanza-Ngungu, aliyepewa jina 1921, na uchimbaji wa mawe ya chokaa uko kati ya vitu vinavyomtisha. Lakini samaki ni masupastaa tu. Wengi wa wakazi wa chini ni wadogo: kamba wa milimita chache, wengine kama chawa wa maji, weupe, vipofu, na chini yao kuna utando wa bakteria uliobandikwa kwenye kila ukuta wa kila ufa. Afrika Kusini wako hadi kwenye maji ya mapango ya Sterkfontein, palepale panapochimbuliwa mifupa ya mababu wa binadamu. Na mwaka 2002, maji ya asidi yalianza kufurika kutoka migodi ya dhahabu iliyoachwa karibu na Krugersdorp na kuelekea upande wa mawe hayohayo ya mapango. Miaka milioni kadhaa ya historia yetu, na kilichoipigia hodi ni mgodi ambao ulikuwa "umeisha".

"Sasa wewe unalilia chawa?" Ndiyo. Subiri nikwambie kwa nini.

Kwanza, hao ndio wafanyakazi wa kisima chako. Bakteria wanakula uchafu unaoteremka, wale kamba wadogo wanakula bakteria na kupenyapenya kwenye nafasi ili zisizibe. Ni kama wale vijana wa mtaa wanaozibua mitaro kabla ya mvua: hawaonekani hadi siku ambayo hawakuja. Pili, hawana mahali pa kukimbilia. Samaki wa mtoni sumu ikija anaweza kuogelea hadi kijito kingine. Kiumbe wa ndani ya mwamba amefungiwa na mwamba. Anazaa kidogo, anakua polepole kwa sababu chakula ni haba, na mara nyingi aina yake nzima ya dunia iko kwenye bonde moja. Ukiua hapo, umemaliza. Na floridi ni sumu kwa viumbe wadogo wa majini pia, makali yake yakizidi pale kalsiamu ni kidogo. Ongeza unga wa mgodi unaoziba vijinafasi walivyokuwa wakiishi. Ongeza pampu za kukausha shimo ili mashine zichimbe, ambazo zinashusha maji yote ya eneo kwa pamoja. Una njia tatu za kuwamaliza na hakuna hata moja inayohitaji mtu mbaya. Inahitaji tu mtu asiyetazama.

Kutazama ni bei gani? Wavu. Naongea ukweli, ni wavu mwembamba wenye uzito chini, unaushusha kwenye kisima kirefu, unauvuta polepole, unamwaga kwenye chupa, unapeleka chini ya hadubini. Australia Magharibi, ambayo inaishi kwa migodi kutushinda mara elfu, tangu 2003 wana mwongozo wa kukagua viumbe wa chini ya ardhi kabla ya mradi kuidhinishwa. Mwaka 2016 mamlaka yao ya mazingira ilipendekeza mgodi wa urani wa Yeelirrie ukataliwe, na sababu ilikuwa hao wadogo wa chini. Kamba wasio na macho walisimamisha urani! Kwa muda. Januari 2017 waziri aliupitisha hivyo hivyo. Sikuficha hiyo sehemu, maana ndiyo inayofanana na kwetu zaidi. Lakini angalau huko waziri alilazimika kufanya hivyo mchana, huku kila mtu akijua jina la kilichokuwa kinatolewa sadaka. Kwetu tunatoa sadaka ambayo hatujawahi kuihesabu.

Nimesoma ripoti za tathmini ya mazingira, zile ambazo mtu anabandika kurasa mia tatu ili usifike ya mwisho. Ndege wamo. Miti imo kwa majina ya Kilatini. Swala, nyani, hata mchwa. Maji ya chini yanapata meza moja, vipimo vya siku moja, halafu sentensi ile ile: athari zitakuwa ndogo na zitadhibitiwa. Walio ndani ya maji hayo, kimya. Sijakutana nao hata mara moja.

Kuna msee najua ataandika "we uliacha chuo, jiolojia umetoa wapi". Niliacha, mwaka wa pili, karo ilikata. Lakini sijasema kitu chochote hapa kinachohitaji digrii. Nimeuliza namba ziko wapi. Bodaboda anaweza kuuliza namba ziko wapi. Katiba ya 2010 kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, cha 43 kinampa maji safi na salama ya kutosha. Hakijasema "kila mhitimu".

Na hata ukitaka kuuliza, angalia tulivyopangwa. Mvua ikinyesha juu ya ukingo wa Kaptagat, nyingine inateremka kwetu kuelekea Sosiani, hiyo Mamlaka ya Rasilimali za Maji inaisimamia kutoka ofisi ya Kakamega. Nyingine inazama, inapita ndani ya ukuta wa bonde, inatokea kama chemchemi upande wa Kerio, hiyo ni ya ofisi ya Nakuru. Madini yako chini ya wizara Nairobi. Mazingira ni NEMA. Afya ya meno ni kaunti. Kila mmoja ana kipande, kila mmoja atakutuma kwa mwenzake, na wewe umepanda matatu nne kabla ya chakula cha mchana.

Wacha pia niseme kitu kwa watu wa Fluorspar wenyewe, kwa sababu wengi wananifuata na sitaki mniangalie kama mtoto wa juu anayeteremka kuwafundisha. Najua 2018 ilifanya nini. Mishahara ilikatika, maduka yakafungwa, vijana wakahamia Eldoret kuendesha boda. Mimi sipingi mgodi kufunguliwa. Sheria ya Madini ya 2016 inasema mrabaha ugawanywe asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii, na mkipata hiyo kumi bila kuzungushwa nitacheza nanyi. Ninachopinga ni kukubali kuambiwa mchague. Kazi ama maji. Mtu anayekuwekea hayo mawili kwenye mizani ana maji yake ya chupa kwenye gari.

Hiyo sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya mazingira, pesa za kusafisha akiondoka. Vizuri. Utajuaje ni pesa ngapi kama hujui maji yalikuwaje? Dhamana bila kipimo cha mwanzo ni kama kukodisha nyumba bila kuandika madirisha yalikuwa mangapi.

Na si kwamba hatuwezi. Kwale, karibu na mgodi wa titaniamu uliofungwa mwisho wa 2024, watafiti wa vyuo vya Kenya na vya nje walikaa miaka wakifuatilia maji ya ardhini kwenye visima. Kulikuwa na hadi jaribio la kusikiliza mtikisiko wa mkono wa pampu ya kijiji ili kukisia maji yako chini kiasi gani. Pampu ya mkono, wasee! Mama anapampu, kifaa kinasikiliza. Kama ilifanyika Msambweni, itashindikana vipi Kimwarer?

Kwa hivyo kabla ya utepe kukatwa, kabla ya mheshimiwa kuvaa kofia ya plastiki, nataka visima vya uchunguzi vichimbwe kuzunguka shimo na bwawa la tope, juu na chini ya mteremko. Vipimwe misimu miwili ya mvua na miwili ya kiangazi. Floridi, metali, kina cha maji, na wavu ushushwe. Namba zibandikwe pale kituoni Kimwarer, kwa Kiswahili na kwa Kikeiyo, zikiwa kubwa za kusomeka na mtu aliyebeba mtungi. Na kila kisima cha jamii kiwe na kibao chake. Kama namba ni mbaya kwa sababu ya mlima, serikali ilete chujio. Kama ni mbaya kwa sababu ya tope, tunajua tupeleke bili wapi.

Jumatatu nilituma barua mbili kwa kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, moja Mamlaka ya Maji na moja wizara ya madini. Nimeomba kila kipimo cha maji ya ardhini cha eneo la mgodi walicho nacho, tangu mwanzo hadi leo, na kiasi cha dhamana. Sheria inawapa siku 21. Wakinyamaza, kuna Tume ya Haki za Kiutawala, na nauli ninayo.

Binamu yangu ndiye aliyenisaidia kuandika ya pili, sarufi yake ni safi kuliko yangu. Amekubali tuirekodi akiisoma, sauti tu, kamera ikiangalia kisima. Nakala ya barua nitaiweka kwenye posti ya kesho. Kama unaishi karibu na mgodi au machimbo yoyote, Migori, Kakamega, Pokot, popote, badilisha jina la kijiji, weka lako, tuma. Ukijibiwa, nirushie.